Punje Nyeusi

Barua ya kuacha kazi iliandikwa Jumapili mchana kwenye meza ya chakula, baada ya sahani kuondolewa na meza kupanguswa. Aliyekuwa akiacha kazi ni mke. Aliyeshika kalamu ni mume, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mwandiko. Alikuwa fundi wa kuchora mabango, na nusu ya maduka ya mtaa ule yalikuwa yamevaa herufi zake. Hata lile onyo la mbwa mkali, kwenye geti la mzee asiyefuga hata paka, lilikuwa kazi yake.

"Andika kwamba nawashukuru," mke alisema.

"Unawashukuru kwa lipi, na kifua wamekumalizia?"

"Miaka kumi na moja si mchezo. Wewe andika tu."

Fundi akaandika. Herufi zilitoka zimesimama wima, zimepangana vizuri kama shati lililopigwa pasi. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, ile ya kusema kwamba kuanzia Jumanne mhusika hatafika tena kazini, mkono ulisimama.

"Vipi?"

"Natafuta neno."

"Makubwa! Fundi wa maneno naye anatafuta neno!" Mke akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akainamia meza na kujipiga kifuani. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango akichambua maharage, hakuinua uso. Kikohozi kilipotulia, barua ilikuwa imeshamalizika.

"Isaini," fundi alisema, akampa kalamu bila kumtazama.

Mke huyo mtaani walimwita Dobi, naye jina alilipokea bila kinyongo kwa sababu lilikuwa la haki. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, chumba cha pasi za mvuke. Daktari alikuwa amemwambia, tena kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa, kwamba achague moja, mvuke au mapafu. Dobi alimjibu kwamba mapafu hayalipi kodi ya nyumba. Hata hivyo maneno yale aliondoka nayo, na kila usiku alipokohoa aliyasikia upya.

Njia ya kuutoroka mvuke ilikuwa nyuma ya tangi kubwa la maji. Kulikuwa na shamba lililokatwakatwa vipande ishirini na vinne, kila kipande na namba yake kwenye kigingi, chini ya kamati ya wakulima. Kipande cha saba kilikuwa chake. Watu wengi walipanda mboga za nyumbani. Dobi alitaka kupanda mahindi matamu, yale laini ambayo wapishi wa mahoteli hutafuta kila siku na wakiyapata huwa yamekuja kutoka mbali, yamechoka. Mpishi mkuu wa hoteli moja, ambayo mashuka yake Dobi aliyajua kwa madoa yake, alikuwa amempa neno: alete mavuno ya kwanza, yakiwa matamu atamwandikia karatasi ya kwamba atayachukua yote mwaka mzima. Kamati nayo ilikuwa imeahidi kwamba akileta karatasi hiyo atapewa vile vipande vitatu vya mwisho vilivyoota magugu. Visingewatajirisha, lakini vingemtoa kwenye mvuke.

Kulikuwa na sharti moja, na muuza mbegu alilirudia mara tatu kama vile anamfundisha mtoto sala. Mahindi matamu hayataki jirani. Vumbi la mbelewele, maua ya kileleni mwa mahindi ya kawaida, likipeperuka na kuangukia ndevu za mahindi matamu, basi kwaheri. Punje zinakuwa ngumu, utamu unageuka unga. Kwa hiyo Dobi alizunguka kipande kwa kipande, watu ishirini, akiwaomba msimu huo mmoja wasipande mahindi. Wale waliozoea kuyapanda aliwapa ahadi ya kuwafulia. Kinyozi wa kipande cha kumi na mbili, ambaye hakukosa mahindi mwaka wowote, aliletewa nyumbani vitambaa vyake vyote vya kunyolea kila Jumamosi kwa miezi mitatu, vyeupe na vimenyooka. Fundi alichora bango zuri la rangi mbili: JIRANI MWEMA, TUNAOMBA MSIMU HUU USIPANDE MAHINDI. AHSANTE. Alilipigilia mwenyewe kwenye kigingi cha saba, na watu walisimama kulisoma na kulisifia.

Nyumbani aliyebaki alikuwa mama mkwe. Huyu alikuwa na kopo la bati lenye mbegu ya mahindi meusi aliyokuja nayo siku alipohamia kwao. Kila mwaka waliipanda mistari miwili pembeni ili isipotee.

"Mama, msimu huu mmoja tu tupumzike," Dobi alimwambia, amepiga magoti mbele ya kigoda. "Mwakani nitakupandia mistari minne."

"Sawa, mwanangu," mama mkwe alijibu. "Kifua chako kwanza."

Dobi alilia kidogo siku ile. Alijiona amebahatika, maana wenzake kiwandani walikuwa wanasimulia mama wakwe wa namna nyingine kabisa.

Ijumaa, siku mbili kabla ya ile barua, ndevu za mahindi zilikuwa zimekauka rangi ya kahawia. Dobi alikuwa na zamu mbili mfululizo. Asubuhi, akiwa anafunga viatu, alimwambia mumewe, "Pita shambani leo. Fungua hindi moja tu, la pembeni, uonje. Mengine usiyaguse, mpishi anayataka na maganda yake. Ukiniambia yako tayari, barua naandika."

Jioni alirudi hajiwezi. Kabla hajavua viatu akauliza, "Enhe?"

"Matamu," fundi alisema. Alikuwa anaosha brashi. "Mpaka meno yanalalamika."

Dobi akakaa chini palepale mlangoni, akacheka peke yake.

Jumatatu aliikabidhi barua. Msimamizi wa chumba cha pasi, mwanamke mwenye miwani ya kamba, aliisoma amesimama.

"Kumbe siku hizi tuna matajiri humu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mashine ya mwisho. "Tajiri wa mahindi! Usitusahau basi, ukipita na gari utupungie mkono."

Wenzake walicheka, wengine kwa wema, wengine la. Mmoja alishauliza kama anaweza kuichukua mashine yake, ile ya dirishani ambapo hewa ilipita. Msimamizi akampa papo hapo. Mashine ya mwisho, iliyovuja mvuke usoni kwa mtu na ambapo kila mgeni alianzishwa, ikabaki wazi kama kawaida. Dobi alimaliza siku yake, akaaga mmoja mmoja, akaondoka na aproni yake mkobani kwa kumbukumbu.

Jumatano alfajiri alivuna mahindi arobaini, akayapanga kwenye beseni, akayafunika kwa kitambaa kibichi. Mumewe alisema ana bango la haraka la duka la dawa, hataweza kumsindikiza. Alimsaidia tu kumtwisha.

Jiko la hoteli lilikuwa na vigae vyeupe na joto lake mwenyewe. Mpishi mkuu alikuwa mtu mnene mwenye adabu. Alimkaribisha, akamwita mama, akaagiza aletewe kiti. Wasaidizi wanne waliacha visu vyao wakaja kutazama. Karatasi aliyoahidi ilikuwa tayari imepigwa chapa, iko juu ya meza, imekaliwa na chupa ya siki.

Mpishi akachukua hindi moja, akalimenya maganda kwa mkupuo mmoja.

Kwenye punje nyeupe kulikuwa na punje nyeusi. Hazikuwa moja wala mbili. Zilikuwa zimetawanyika hindi zima kama inzi juu ya shuka.

"Hii ndiyo aina yake?" aliuliza.

"Hapana," Dobi alisema. "Sijui. Menya jingine."

Akamenya la pili, la tatu, la nane. Kila moja lilikuwa na madoadoa yake. Mpishi aliuma punje nyeupe za lile la kwanza, akatafuna taratibu kama mtu anayejaribu kutenda haki, kisha akaenda kwenye sinki akatema.

"Unga," alisema. "Mama, haya ni ya kusaga."

"Au ya kuku," msaidizi mmoja alichomekea, na mwenzake akageuka ukutani akatikisa mabega.

"Nyamaza wewe," mpishi alisema. Kisha akamgeukia Dobi, na upole wake ndio uliomuumiza. "Kwani kabla ya kuleta hukuonja?"

"Yalionjwa."

"Na nani?"

Dobi alianza kuyarudisha mahindi kwenye beseni, yaliyomenywa na yasiyomenywa, na mmoja wa wasaidizi akainama kumwokotea lililoanguka. Mpishi aliitoa ile karatasi chini ya chupa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Hata hakuichana, maana ilikuwa karatasi nzuri na upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Nje ya geti la hoteli Dobi alitua beseni, akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Alichukua hindi moja akalitazama kwa muda mrefu. Hasira ilikuwa haijaja bado. Alichokuwa nacho ni hesabu tu, hesabu ndogo kabisa. Mtaa mzima, shamba zima, mahindi meusi alikuwa nayo mtu mmoja.

Mama mkwe alikuwa amelala usingizi wa mchana alipoingia nyumbani. Kopo la bati lilikuwa mahali pake juu ya kabati. Dobi alipanda kwenye kiti, akalishusha, akalitikisa. Halikulia. Alipolifungua alikuta vumbi na mdudu mmoja mkavu.

Hakumwamsha. Alitoka na beseni lake kichwani mpaka shambani, akapita kipande cha saba bila kusimama, akaenda moja kwa moja kipande cha kumi na mbili. Mbele kulikuwa na maharage yaliyopandishwa kwenye fito, ukuta mzima wa majani, marefu kuliko mtu. Mwaka wowote mwingine kinyozi hakuwahi kupanda maharage ya kutambaa, na njia nzima Dobi alikuwa akiliwaza hilo. Dobi alizunguka nyuma yake.

Yalikuwa mashina thelathini hivi, mistari miwili, na mbelewele zake zimeshakauka. Alipasua ganda moja kwa ukucha. Nyeusi tupu, zinang'aa.

Kinyozi alikuwa pale, ameketi juu ya ndoo, anakunywa maji. Alipomwona alisimama, akavua kofia, akaivaa tena.

"Shemeji."

"Nani kapanda haya?"

"Shemeji, mimi nilidhani unajua. Fundi aliniambia mmeelewana, ni mbegu ya mama, mistari miwili tu, hatua sitini kutoka kwako. Akasema watu wasiyaone wasije nao wakaanza kupanda. Basi. Ndiyo maana ya haya maharage."

"Ulidhani najua."

"Haki ya Mungu."

"Na kila Jumamosi nakuletea vitambaa vyako, nakwambia ahsante jirani kwa kutopanda mahindi. Ulidhani nasema nini?"

Kinyozi alitazama ndoo yake.

"Sikutaka kuingilia mambo ya watu na mama zao," alisema hatimaye. "Na Ijumaa nilimwambia. Alikaa hapahapa, juu ya ndoo hii, ana hindi mkononi kutoka kwako, lina madoa. Nikamwambia, Fundi, nenda kamwambie mkeo leo hii. Akasema atakuambia mwenyewe, nisimtangulie."

Hapo ndipo hasira ilipofika. Ijumaa. Jumapili mchana kalamu ilikuwa mkononi mwake. Dobi aligundua kwamba ameshika ule ukuta wa maharage, na fito moja imevunjika.

"Vitambaa vyako viko kwangu, vibichi," alisema. "Njoo uvichukue hivyohivyo."

Mume alirudi jioni na rangi ya bluu kwenye vidole. Alikuta beseni juu ya meza, na mbele ya kiti chake hindi moja lililomenywa. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani, kopo tupu miguuni. Mke alikuwa amesimama.

"Onja," Dobi alisema.

Hakuonja. Alivuta kiti akakaa.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta namna."

"Nimekuuliza lini."

Mama mkwe akaingilia, "Usimkaripie mwanangu. Mimi ndiye niliyeomba. Mbegu ilikuwa inaliwa na wadudu. Ingepita mwaka mmoja zaidi isingeota. Mama yangu aliishika, na mama yake. Ningeiacha inifie kwenye kopo?"

"Mama, ungeniambia hivyo, tungetafuta pengine. Ningeipeleka hata kwa muuza mbegu aipande kwake. Uliniambia kifua changu kwanza."

"Nilisema."

"Ulisema, nikalia kwa furaha mbele yako."

Bibi kizee akatazama kopo.

"Nilijua sharti," fundi alisema haraka, kama mtu aliyeona upenyo. "Sikufanya kijinga. Nilichelewesha wiki mbili. Yako yalipandwa kwanza, haya baadaye, ili mbelewele zisikutane. Muuza mbegu mwenyewe alisema wiki mbili zinatosha."

"Na zikakutana."

"Zikakutana. Sijui ilikuwaje."

"Ya kwangu hukomaa mapema," mama mkwe alisema. "Huyatangulia mengine yote. Hukuniuliza, baba."

Fundi alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza ikaonekana kwamba naye hakuambiwa kila kitu. Siku nyingine yoyote Dobi angecheka mpaka machozi. Watu wawili waliomzunguka yeye walishindwa hata kuambiana wao kwa wao mahindi yao hukomaa lini.

"Hilo nakusamehe," alisema. "Kupanda, nakusamehe. Mama ni mama, na hesabu ulikosea. Niambie ya Ijumaa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nikupige?"

"Ulikuja umechoka. Ukauliza una furaha. Nikasema kesho. Kesho yake ukaamka unaimba. Nikasema labda ni lile moja la pembeni, labda ya katikati ni mazuri."

"Na Jumapili?"

Fundi alianza kukwangua rangi ya bluu kidoleni.

"Jumapili ulisimama," Dobi alisema. "Nilikuona. Mkono ulisimama, nikakuuliza vipi, ukasema unatafuta neno. Neno lilikuwa hapo. Ungelisema pale, ningekuwa sasa hivi kwenye mashine ya dirishani. Ukaniacha nicheke. Ukaniacha nikohoe, na nilipokuwa nakohoa ukamalizia kuandika." Aligonga ukingo wa beseni kwa kidole. "Leo umenitwisha beseni mwenyewe. Mikono yako hii. Ukanitwisha niende nikachekwe."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa analia, bila sauti, na lingekuwa jambo la kumhurumia kama lingetokea siku tano mapema. Mke alimtazama akajikaza kisabuni. Kisha alipangusa meza kwa kiganja, akasogeza beseni pembeni, akaweka karatasi na kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Barua ya kuomba kurudi. Kwa msimamizi."

Akaandika anwani na tarehe. Akaandika kwamba mhusika anaomba radhi kwa usumbufu. Dobi alikuwa amesimama nyuma yake, anamtajia polepole.

"Niliacha kazi kwa sababu mume wangu aliniambia mahindi yangu ni matamu."

Kalamu ikaenda, kisha ikapungua mwendo.

"Naye alikuwa ameyaonja, na alijua kwamba si matamu."

"Mke wangu," fundi alisema. "Haya ni ya ndani. Msimamizi yanamhusu nini?"

"Ataniuliza kwa nini nimerudi baada ya siku mbili. Mimi kudanganya sijui. Andika."

Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mwandikie, baba."

Akaandika. Dobi aliinama akafuatilia kila neno linavyotokea, akitafuta mahali mkono utakapotetemeka hata kwenye herufi moja. Hakupaona. Barua ilitoka nzuri vilevile, imesimama wima, kama ile ya Jumapili, kama bango la jirani mwema.

"Niweke 'wako mtiifu'?" aliuliza.

"Weka. Ni mimi ninayesaini."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye mlango wa chumba cha pasi, aproni mkononi. Msimamizi alivaa miwani yake ya kamba akaisoma barua amesimama, na wote walikuwa wametega masikio kumsikia atakavyomtania tajiri. Alipofika katikati midomo yake iliacha kucheza. Alimaliza, akarudi juu, akaisoma tena. Mashine ya dirishani ilikuwa imeshapata mwenyewe.

"Iliyobaki ni ile ya mwisho," alisema.

"Najua."

"Inavuja."

"Najua, dada."

Msimamizi akaikunja barua, hakuipeleka kwenye faili, akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akasema, "Mwandiko mzuri huu. Nani alikuandikia?"

"Huyohuyo aliyetajwa humo ndani," Dobi alisema, akafunga aproni, akaenda kuwasha mashine.